Mpini wa chuma wa skwiza na mopu haufii katikati, unafia shingoni

Dada mleta uzi, nimesoma swali lako na majibu ya wakuu wote. Kwa faida ya atakayeanzia hapa: dada ana tenda ya usafi wa soko la samaki na stendi huko Tanga. Mipini ya mbao inamkatikia, ile ya chuma ya dukani inapinda hata wiki haijaisha, na anataka fundi amtengenezee mipini ya chuma ya skwiza (kile kifaa cha mpira cha kusukumia maji sakafuni), mopu na fagio ambayo itakaa. Mkuu mmoja kamwambia atumie nondo. Mwingine kasema anunue chuma cha pua na habari iishe.

Mimi ni mchomeleaji, karakana yangu iko Dar. Mkate wangu ni mageti na madirisha, ila kampuni za usafi zimenizoea, na vifaa vyao vilivyovunjika vinarudi mikononi mwangu. Hiyo ndiyo shule yenyewe, kwa sababu aliyetengeneza kitu na hakukiona tena hajui kilikufa kwa ugonjwa gani.

Kabla hujanunua bomba lolote, chukua ile mipini iliyoharibika na uipange chini. Utaona karibu yote imekufa sehemu moja, yaani pale inapoingia kwenye kichwa cha skwiza au mopu, au sentimita chache juu yake. Mpini ni wenzo. Mfanyakazi anasukuma huku juu, kichwa kimekwama kwenye kiungo cha vigae huku chini, na uzito wote wa kusukuma unazidishwa na urefu wa mpini kabla haujatua shingoni. Katikati ya mpini nguvu ni nusu ya hiyo, na kule juu mikononi ni karibu na sifuri. Kwa hiyo anayekuuzia bomba nene kuanzia juu hadi chini anakuuzia chuma ambacho theluthi mbili yake hakina kazi, na mama wa watu atakibeba zamu nzima. Pesa ipeleke shingoni na kwenye ncha mbili za bomba. Karibu yote nitakayoandika hapa chini yanatoka kwenye hilo.

Kuhusu nondo, mkuu usinikasirikie, lakini hapana. Nondo ya mm 16 ina kilo 1.58 kwa mita. Mpini wa mita 1.45 unakuwa kilo 2.3 kabla hujaweka kichwa. Bomba la duara la inchi 1 lenye ukuta wa mm 1.2 lina kilo 0.72 kwa mita, na ukilielemea linanesa nusu ya inavyonesa nondo hiyo. Chuma kilicho mbali na kiini ndicho kinachobisha kupinda, kile cha katikati kinasindikiza tu. Nondo ina kazi yake kwenye skwiza, nitaifikia, ila si kuwa mpini.

Sasa bomba lipi. Hapa watu wanaumia dukani kwa sababu ya inchi, maana kuna inchi mbili. Bomba la maji, hili la GI, yaani lililopakwa zinki, linaitwa kwa tundu lake la ndani, tena kwa makadirio. Ukiomba la nusu inchi unapewa kitu chenye kipenyo cha nje cha mm 21.3, la robo tatu ni kama mm 27, na la inchi 1 ni karibu mm 34. Bomba la fanicha, hili la viti na vitanda, linaitwa kwa kipenyo cha nje, kwa hiyo inchi 1 ni mm 25.4 kamili. Ukimtuma kijana "lete bomba la inchi moja" bila kusema la nini, atarudi na lolote. Mpini unataka la fanicha. Lile la GI la nusu inchi lenye ukuta wa mm 2.6 ni imara, sikatai, lakini lina kilo 1.2 kwa mita na ni jembamba mkononi. Mtu anayelishika siku nzima vidole vinakakamaa.

Tofauti hiyo ya inchi ina faida pia. Bomba la fanicha la inchi 1 linaingia ndani ya GI ya inchi 1 likibakiza nafasi isiyofika mm 2. Ndiyo soketi yako hiyo. Na bomba la fanicha la inchi saba ya nane (7/8), ambalo ni mm 22 na kitu, linaingia ndani ya lile la inchi 1. Hilo ndilo litakaloimarisha shingo.

Unene. Dukani watakwambia geji 18 au geji 16. Geji 18 inatakiwa kuwa mm 1.2, geji 16 ni mm 1.6 au 1.5 kwa mabomba mengi yanayouzwa. Inatakiwa, nimesema. Pima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, na pima kwenye mdomo uliokatwa vizuri, usipime pale msumeno ulipobakiza ukingo. Kama huna kalipa, tumia mizani. Bomba la inchi 1 la mita 6 lenye mm 1.2 halisi linakaribia kilo 4.3. Likija kilo 3.6 ujue hiyo ni mm 1.0, na muuzaji ataapa kwa mababu zake kwamba ni geji 18. Urefu nao pima. Mengi yana mita 5.8 ili yaingie kwenye kontena la futi 20. Ukikata mipini minne ya mita 1.45 kutoka bomba la mita 5.8 hapo, diski inakula kama mm 3 kwa kila mkato na wa mwisho unatoka mfupi. Si shida kubwa, ila afadhali ujue kabla ya kumgombeza fundi.

Shingo ndiyo sehemu ya kukaa nayo. Kwa hesabu zangu, bomba la inchi 1 la mm 1.2, chuma cha kawaida, linaanza kupinda kusikorudi ukilielemea kwa nguvu ya kilo 10 hivi, ukishika mita 1.2 kutoka mdomo wa soketi. Kilo 10 ni kidogo. Mwanamume mwenye haraka anavuka hapo bila kujua. Kuna dawa tatu. Ya kwanza ni kupandisha unene wote uwe mm 1.5. Unafika karibu kilo 13, na mpini wa mita 1.45 unakuwa kilo 1.3. Ya pili, ninayoipenda, ni kubaki na mm 1.2 halafu kuingiza ndani kipande cha lile bomba la inchi saba ya nane, sentimita 40, kumi zikiwa ndani ya soketi na thelathini juu yake. Uzito ni ule ule wa kilo 1.3 na unafika kilo 14. Utaona tofauti ni ndogo kwenye karatasi, lakini kwenye kazi ni kubwa, kwa sababu shingoni sasa una kuta mbili. Ule wa nje ukiliwa na kutu au ukikwaruzwa na soketi, wa ndani bado umeshika. Dawa ya tatu ni kupanda hadi bomba la inchi 1 na robo, mm 1.2, bila kitu ndani. Uzito tena ni kilo 1.3, na linavumilia hadi kilo 17. Kwa skwiza pana za sentimita 75 zinazosukumwa na vijana, hiyo ndiyo bora kuliko zote. Kwa wenye viganja vidogo ni mateso, hasa ukishavalisha mpira juu yake.

Kile kipande cha ndani mafundi wengi wanakiweka kifupi mno. Ukiweka sentimita 10 tu, inayoishia mdomoni mwa soketi, hujafanya chochote. Bomba litapinda hapo hapo juu yake. Na usikikate ncha yake ya juu mraba, kikate mshazari, mkato mrefu, ili nguvu isikutane na ukingo wa ghafla. Kikikataa kuingia, si lazima kiwe kinene. Chungulia ndani ya bomba la nje utaona mshono umeacha tuta dogo kwa urefu wote. Kisugue kipande chako ubavu mmoja kwa tupa au grainda kiwe bapa kidogo, ukielekeze kwenye hilo tuta, kitateleza. Paka grisi au rangi ya kuzuia kutu kabla ya kukigonga, kwa sababu ukishakigonga hutakitoa tena.

Usichomelee mpini kwenye kichwa. Najua ndiyo njia rahisi na ndiyo fundi wa mtaani atakayokupa. Lakini vichwa vinakufa kabla ya mipini, na ukichomelea, kichwa kikifa kinaondoka na mpini. Pia moto wa kuchomelea unaunguza zinki na rangi pale pale shingoni, na kwa bomba la mm 1.2 mchomeleaji mwenye haraka anakula ukuta pembeni ya mshono, anaacha mfereji ambao utakuwa ufa. Chomelea soketi kwenye kichwa, mpini uingie ndani ya soketi. Kwa mpini wa inchi 1, soketi ni kile kipande cha GI ya inchi 1, urefu sentimita 12, mpini uingie kumi. Kwa kuwa kuna ile nafasi ya mm 2, pasua mdomo wa soketi kwa diski pande mbili zinazotazamana, kina cha sentimita 5, halafu ibane kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, mpaka ikumbate bomba. Mpini unaocheza ndani ya soketi unajitafuna wenyewe.

Kisha bolti moja ya mm 6 inayopenya soketi, mpini na kipande cha ndani. Na hapa nakuomba usimame juu ya kichwa cha fundi. Tundu la bolti lipite ubavu kwa ubavu, yaani kushoto kwenda kulia, lisipite mbele kwenda nyuma. Mfanyakazi akisukuma, bomba linavutwa upande mmoja na kubanwa upande wa pili, wa mbele na wa nyuma. Ubavuni hakuna mvutano wa maana. Tundu lile lile ukilitoboa mbele umetoboa pale pale bomba linapotaka kupasuka. Hakuna gharama ya ziada, ni kuligeuza tu kwenye jiliwa. Nati weka zile zenye plastiki ndani, za kawaida zinajifungua kwa mtikisiko. Spana namba 10 itatosha kwa kila kitu.

Kichwa cha skwiza. Flatibaa (vyuma bapa) mbili za upana wa mm 40, katikati mpira, bolti za mm 6 kila sentimita 10. Mpira wa tyubu ya lori uliokunjwa mara mbili unafanya kazi, mkanda wa mashine wa zamani unafanya zaidi. Usiuchome wala kuugundisha, uwe wa kubadilika. Na hapa sasa nondo inapata kazi. Chukua nondo ya mm 8, kata mikono miwili, kila mmoja utoke kwenye soketi ushuke hadi karibu na ncha ya kichwa, kushoto na kulia, ufanye pembetatu. Mtu akisukuma maji pembeni mwa ukuta anatumia kona moja tu ya skwiza, na kona hiyo iko sentimita 30 kutoka katikati. Inapindua kichwa kizima. Skwiza za dukani hazina mikono hiyo, ndiyo maana baada ya muda zinatazama upande.

Mopu ni hadithi nyingine. Vichwa vya plastiki vinakuja na thredi pana, na thredi hizo si moja. Kuna ya Kimarekani ya robo tatu yenye nyuzi 5 kwa inchi, kuna ya Kiitaliano, na kuna zinazofanana nazo bila kufanana kabisa. Mpini wa dukani una ncha ya plastiki iliyogongwa kwenye bomba jembamba lililofunikwa nailoni ya rangi, na ndipo unapokatika. Usimwambie mkerezaji akutengenezee thredi bila kumpelekea kichwa chenyewe mkononi. Ushauri wangu ni uachane na thredi kabisa. Tengeneza taya la flatibaa mbili lenye bolti mbili na nati za masikio, ulibane kwenye uzi wa pamba wa mopu. Uzi unaisha unabadilisha uzi. Soketi ni ile ile ya skwiza, kwa hiyo mpini mmoja unaingia popote, na stoo yako inahitaji aina moja tu ya mpini.

Tuje kwenye kutu, maana Tanga si Dodoma. Hewa ya bahari, maji ya samaki, na juu yake jiki. Watu wanapaka rangi nje na kusahau kwamba bomba lina ndani. Maji yanaingia kwa juu pale kizibo cha plastiki kilipopotea, yanateremka hadi shingoni, yanakaa. Kwa nje mpini unang'aa, kwa ndani ukuta umebaki kama karatasi, siku moja unavunjika na kila mtu anashangaa. Ziba juu kabisa kwa kukichomelea kibati cha mm 2 na kukisaga kwa grainda kiwe laini. Chini acha wazi, na toboa tundu dogo chini ya soketi maji yatoke. Funga moja, acha moja. Ukifunga zote mbili vibaya umetengeneza chupa. Na juu ya kile kibati chomelea kitanzi cha nondo ya mm 6 ili mpini utundikwe, kichwa kikitazama chini. Mopu inayosimamishwa kichwa juu inachuruzika moja kwa moja kwenye shingo yake usiku kucha.

Rangi. Bomba jeusi jipya lina mafuta, lifute kwa thina kwanza, msasa, rangi ya kuzuia kutu, ikauke, halafu rangi ya mafuta mara mbili. Kama fundi wako ana mtu wa pauda koti (rangi ya unga inayookwa) karibu, mpe, inagharimu zaidi ila inashika. Mpira wa kushikia uvalishwe baada ya hapo, kwa sababu oveni ile inafika nyuzi 180 hadi 200. Kama umepata bomba lenye zinki, usilipake rangi ya mafuta moja kwa moja. Rangi hiyo inagombana na zinki chini kwa chini na baada ya miezi inabanduka kama ngozi ya nyoka. Ama uliache na zinki yake, ama utumie kwanza rangi maalumu ya kushikia mabati. Na waambie vijana wako asidi ya kuoshea vyoo isigusane na zinki. Inaitafuna mbele ya macho yako.

Kwa fundi anayesoma hapa: ile soketi ya GI, kabla ya kuchomelea, saga zinki sentimita mbili tatu pande zote za mshono. Zinki inachemka nyuzi 907 na chuma kinayeyuka kwenye 1,500 hivi, kwa hiyo zinki yote inakuwa moshi mweupe puani mwako kabla chuma hakijalainika. Jioni unatetemeka kama una malaria, asubuhi unaamka mzima na unadhani ilikuwa uchovu. Maziwa hayazuii hilo, hata kama mwalimu wako wa ufundi alikunywa kopo zima kila siku. Fanyia nje, upepo ukupige ubavuni. Vijiti vya kuchomelea tumia vya mm 2, ampea 40 hadi 60, gusa na kuachia, usivute mshono mrefu kwenye bomba la mm 1.2.

Chuma cha pua. Mkuu aliyekipendekeza hajakosea, ila hakusema kipi. Namba 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli 8. Namba 201 wamepunguza nikeli wakaweka manganizi, na ndiyo inayojaa kwenye maduka ya reli za ngazi kwa sababu ni rahisi. Kando ya bahari 201 inatoa madoa ya kahawia mapema. Watu wanatembea na sumaku kujihami, lakini sumaku haitenganishi 201 na 304, zote zinaikataa. Itakusaidia tu kuikamata namba 430, ambayo inashikwa na sumaku. Na hata hiyo 304 haipendi jiki. Klorini inaichoma vitundu vidogo vidogo, hasa ikikaukia kwenye kona za bolti. Kwa hiyo kama utalipia 304, lipia pia nidhamu ya kusuuza vifaa kwa maji yasiyo na chumvi kila mwisho wa zamu. Kwa soko la samaki ningetumia 304 kwa bolti, nati na zile flatibaa za kichwa, mpini ubaki wa chuma cha kawaida. Fundi akichomelea 304 atumie vijiti vyake, 308L, siyo vile vya geti.

Alumini ni nyepesi kuliko zote. Bomba la mm 25 lenye ukuta wa mm 1.5 ni gramu 300 tu kwa mita. Ukitumia kostiki soda kutoa mafuta sakafuni italiwa, na ukiifunga kwa bolti ya chuma cha pua kwenye maji ya chumvi italiwa kuzunguka bolti. Ofisini inafaa sana. Sokoni, sishauri.

Na kuna sababu nyingine ya kutoweka alumini sokoni ambayo hakuna mkuu aliyeitaja. Wanunuzi wa vyuma chakavu. Mpini wa mbao hauna soko, wa chuma unalo, wa alumini una soko zaidi. Vifaa vya chuma vikilala nje vinapungua kimoja kimoja. Ninachofanya kwa wateja wangu ni kuandika herufi za kampuni kwa mshono wenyewe wa kuchomelea, zikae zimeinuka juu ya chuma, kwenye soketi na juu karibu na kitanzi. Kusaga herufi hizo kunachukua muda na kunaacha alama. Pia rangi moja ya kuchukiza, machungwa au waridi, ambayo haipo kwenye nyumba ya mtu. Haizuii mwizi aliyedhamiria, ila inampa mnunuzi sababu ya kukataa. Na minyororo kwenye kibanda cha kutundikia, bila shaka.

Mikono sasa. Mpini wa mopu ufike kati ya bega na kidevu cha mtumiaji akiwa amesimama wima. Kwa hiyo usitengeneze urefu mmoja kwa wafanyakazi wote, kata miwili, mita 1.3 na 1.45, na uwaache wachague. Ile ya kurefuka na kufupika iache, kufuli yake inakuwa ndiyo shingo ya pili. Pale panaposhikwa funika chuma kabisa: tyubu ya baiskeli, kata sentimita 30 kwa ajili ya mkono wa juu na nyingine kwa mkono wa chini, paka maji ya sabuni ndani, ivute iingie, iache ikauke. Chuma kitupu chenye rangi kikiloa sabuni kinateleza, na saa nane mchana stendi kimeiva.

Kwa stendi nje, fagio la chelewa bado linashinda fagio la plastiki kwenye vumbi na changarawe, na kuinama nalo siku nzima ni kuwaua watu migongo. Lifungie mpini. Chukua bomba la GI la inchi 2, urefu sentimita 15, lipasue katikati kwa urefu upate vipande viwili. Kimoja kichomelee kwenye ncha ya mpini wako, cha pili kibane juu yake kwa bolti mbili, chelewa zikiwa katikati. Zikilika hadi nusu unalegeza nati, unazishusha, unabana tena. Zikiisha unaweka fungu jipya. Chelewa ziloweshwe kwanza, zinajibana bila kukatika, na rudi kukaza nati zikikauka kwa sababu zinanywea. Hapa sihitaji kipande cha ndani, fagio halisukumi kwa nguvu kama skwiza, bomba la inchi saba ya nane peke yake linatosha na ni jepesi.

Kitu kimoja nisichotengeneza kwa chuma, hata mteja akisisitiza, ni mpini wa fagio la buibui. Mpini wa mita 3 wa chuma unaofika darini, kwenye masoko yetu ambako nyaya zimeungwa kwa gundi ya karatasi na holda za taa ziko uchi, mtu amesimama sakafu ina maji. Umeme wetu ni volti 230. Hapo tumia mbao kavu au mianzi, na dada wewe uko Tanga, mtiki wa Longuza uko hapo Muheza. Mpini wa mtiki ulionyooka nyuzi, uliosuguliwa na kupakwa mafuta ya kitani, hauna haja yangu wala ya fundi mwingine.

Ukitaka kuanza, usiagize yote kwa pamoja. Tengeneza mipini michache ya skwiza ya dawa ya pili na michache ya dawa ya tatu, uwape watu tofauti, uone ipi wanaigombania na ipi inabaki imetundikwa. Halafu leta hapa picha ya shingo za zile zilizokatika, na upana wa skwiza unazotumia sasa. Picha ipigwe kwa karibu, mdomo wa bomba uonekane ndani. Nikiona kama umeliwa na kutu au umekunjika mzima, nitajua nikwambie uongeze chuma au uongeze rangi.